Uzi maalumu: Kufunga boti ya matanga gatini ukiwa peke yako, upepo ukiwa umechachamaa

#1 Goshini

Wakuu na wakubwa zangu wa baharini, salamu kwenu.

Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, limeshashika, na gatini tumeanza kuyaona yale yale ya kila mwaka. Mtu katoka nje ya mwamba, kapambana na mawimbi tangu alfajiri, kairudisha boti horini bila mkwaruzo, halafu inakuja kuumia kwenye mita ishirini za mwisho. Bahari anaijua vizuri. Tatizo ni kwamba wengi wetu tulifundishwa kufunga boti tukiwa watatu: mmoja usukanini, mmoja omo (mbele ya boti) na kamba, mmoja tezi (nyuma). Siku ukiwa peke yako utaratibu ule haufai, na ndiyo maana naomba tulijadili jambo hili kwa kirefu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kunipinga anipinge. Ukiwa peke yako kuna kamba moja tu yenye haraka, ile inayotoka katikati ya ubavu kwenda nyuma. Za omo na tezi zinaweza kusubiri hata robo saa. Kamba ya ubavuni ikishashika na injini ikawa gia ya mbele taratibu, boti inajibana gatini na inakaa hapo hapo upepo uvume uvumavyo.

Tuanze na upepo. Ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa, usiuchukulie kama ule wa 20 mara mbili. Nguvu inayosukuma ubavu wa boti hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ni mara nne. Tena hausukumi boti sawasawa. Omo ni nyepesi, imeinuka juu ya maji, na tanga la mbele hata likiwa limekunjwa bado linaupa upepo pa kushika. Huku katikati na nyuma mkuku (uti wa chini ya boti) na usukani vimeng'ang'ania maji. Ukipunguza mwendo tu, omo inaanza kuangukia demanini, yaani upande upepo unakoelekea. Hapo ndipo mtu anapokazana na usukani, na usukani haumjibu, kwa sababu unafanya kazi pale tu maji yanapopita juu yake. Boti iliyosimama haina usukani.

Pili, jua gati lako limeelekea wapi. Chukua hori kama ya Kilifi, inayoingia bara kutoka upande wa mashariki kwenda magharibi. Kusi likivuma, gati lililo ukingo wa kusini unalifikia huku upepo unakurudisha katikati ya maji. Ng'ambo, ukingo wa kaskazini, upepo uleule unakubandika gatini utake usitake. Kaskazi likiingia Desemba, mambo yanageuka. Kwa hiyo kumsikia mtu anasema "mimi gati hili nalijua" hakutoshi. Analijua kwa upepo gani?

Na mkondo msiusahau. Pwani yetu siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) maji hujaa pomoni kwenye saa kumi alasiri na hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na tofauti yake hupita mita 3. Maana yake saa saba mchana, wakati watu wanaanza kurudi na upepo wa mchana umeamka, mkondo wa kuingia horini nao uko kwenye kasi yake. Upepo unashika sehemu ya juu, mkondo unashika mkuku. Kabla hujasogelea gati, tazama boti zilizofungwa kwenye maboya. Zikiwa zimeupa upepo ubavu, basi siku hiyo mkondo ndio bwana, na wewe ingia gatini ukiwa umeukabili mkondo. Yule mwenye nguvu zaidi kati ya wawili hao mpe omo yako, akusaidie kusimama.

Sasa kamba. Ifunge kwenye chuma cha katikati ya ubavu, ipitishe NJE ya vyuma vya ulinzi na waya zake, irudishe mpaka ulipo wewe usukanini. Mwisho wake uwe na kitanzi kikubwa kisichokaza. Urefu ndio siri yenyewe: kitanzi kifike usawa wa pale unaposimama wewe, basi. Ikiwa ndefu, boti itakwenda mbele mno na kuacha nafasi kati yake na gati, na nafasi hiyo upepo utaitumia. Chukua kipande cha mpira wa maji, ule wa kumwagilia bustani, kama urefu wa mkono, upitishe kamba ndani yake kabla hujafunga kitanzi. Kitanzi kitakaa wazi chenyewe, na utaweza kukivisha kwenye chuma cha gati kwa mkono mmoja, huku mwingine uko kwenye usukani.

Unasogea pole, dafrao (mito ya kukinga ubavu) zote zimeshaning'inia mapema (mwenye matairi yaliyovishwa turubai sawa pia), chuma cha gati kinafika ubavuni pako, unavisha kitanzi, unaacha boti iende mbele kidogo mpaka kamba inakaza. Gia ya mbele, injini iwe sailensa, usizidishe. Halafu geuza usukani kana kwamba unataka kuondoka gatini. Wenye kana (mpini wa usukani), isukume kana kuelekea gatini. Propela inasukuma maji kwenye usukani, tezi inakuja ndani, kamba inazuia boti isiende mbele, na boti nzima inalala sambamba na gati. Iache hivyo injini ikiendelea kunguruma. Shuka taratibu kwa kupitia katikati ya boti, funga omo, funga tezi, rudi, zima injini.

Haya, karibuni.

#2 Bamvua wa Tanga

Mkuu Goshini, umeandika kitu cha maana. Nina maswali mawili. Boti yangu ya futi 24 haina chuma cha kufungia katikati, ina cha mbele na cha nyuma tu. Halafu injini yangu ni ile ya kuning'iniza tezi, ya farasi 8. Haya uliyosema yananihusu?

#3 Goshini

Yanakuhusu sana, kaka. Kwa la kwanza, tazama ubavuni utaona reli inayobeba kapi la kamba ya tanga la mbele. Weka kapi hapo, lisogeze mpaka karibu na katikati, pitisha kamba ndani yake na mwisho mmoja ulete kwenye winchi. Tena hii ni bora kuliko chuma, kwa sababu unaweza kukaza au kulegeza ukiwa umekaa palepale. Ukiona kamba ikikaza omo inavutwa kugonga gati, sogeza kapi nyuma kidogo. Ukiona omo inakimbia nje, lisogeze mbele. Kila boti ina mahali pake, na utapapata kwa kujaribu siku ya shwari.

Injini ya kuning'iniza ina tabia tofauti. Mara nyingi propela yake haisukumi maji juu ya usukani, kwa hiyo kugeuza usukani peke yake hakutakusaidia boti ikiwa imesimama. Geuza injini yenyewe, itupe tezi gatini. Usukani uweke uelekeo uleule na injini. Jambo jingine, funga kile kikamba cha kuzimia injini mkononi au kiunoni. Ukianguka majini wakati gia imeingia na hakuna mtu ndani, boti itakurudia.

#4 Mwamba Kigamboni

Mnazungusha mambo. Mimi nafika, naacha gia, nakimbia omo, naruka na kamba, nafunga, kazi imekwisha. Miaka yote nafanya hivyo.

#5 Goshini

Ndugu yangu Mwamba, nakuomba kwa dhati uache. Sikuambii kwa kubishana, nakuambia kwa sababu watu wanavunjika miguu hivyo.

Fikiria kinachotokea tangu unapoacha usukani. Boti ya tani 5 inatembea na haina mtu. Unaruka kwenye zege lililoloa au mbao zenye ukungu, mkononi una kamba ya omo. Ukiifunga omo kwanza na upepo unatoka gatini, tezi inazunguka kwenda nje, boti inachomoza kutoka gatini kama msumari, na sasa uko nchi kavu ukishikilia mnyama mzima kwa pua huku injini iko kule na wewe huku. Huwezi kuivuta. Mwanadamu hawezi kushindana na tani 5 zilizoshikwa na upepo wa kilomita 40. Na wapo wanaozungusha kamba mkononi ili washike vizuri, hao ndio wanaopoteza vidole. Wengine wanatanguliza mguu kuzuia boti isigonge. Fiba inatengenezwa wiki moja, mguu hautengenezwi hivyo.

Sheria yangu ni hii: kama huwezi kushuka kwa kupiga hatua ya kawaida, bado hujafika. Zunguka urudi tena.

#6 Mzee wa Amu

Vijana nimewasoma. Sisi kwenye mashua hatukuwa na gia ya kurudi nyuma wala ya kwenda mbele. Tulikuwa na tanga, amari (kamba ya nanga) na akili. Upepo ukikupeleka gatini kwa nguvu, usiende na upepo. Tua tanga ungali mbali, mwendo uliobaki unakutosha. Pita goshini mwa gati, upande upepo unakotoka, tia nanga hapo, kisha legeza amari pole pole, upepo ukurudishe wewe mwenyewe kinyumenyume mpaka tezi iko hatua mbili na gati. Ukiona mambo si mazuri, vuta amari. Na asubuhi ukitaka kuondoka, upepo ungali unavuma, huna haja ya kusukumwa na mtu. Unajivuta kwenye nanga yako mpaka uko huru, ndipo unatweka.

Wengi siku hizi nanga wanaiona ni ya kulalia tu.

#7 Goshini

Shikamoo mzee wangu. Hili ulilosema ni dawa ya upepo wa kubandika, na mtu peke yake analiweza kabisa mradi awe na amari ya kutosha na chini kuwe na mchanga au tope la kushika. Pale penye maboya na minyororo ya watu tu ndipo nisipothubutu, nanga itanasa.

Wanaotegemea injini hadi wanasahau matanga nawakumbusha kwamba Joshua Slocum aliizunguka dunia peke yake kwenye Spray, 1895 hadi 1898, na boti ile haikuwa na injini. Kwa hiyo mzee anaposema tua tanga ungali mbali, msikilizeni. Kosa kubwa la mwenye tanga ni kufika nalo gatini upepo ukitokea nyuma. Tanga kubwa halitui likiwa limejaa upepo, linang'ang'ania waya za mlingoti. Geukia upepo kwanza, litue, kisha ingia na kipande cha tanga la mbele ambacho unaweza kukiachia kamba kikapiga piga tu.

#8 Mzee wa Amu

Marahaba. Umenena.

#9 Mpwani Ughaibuni

Wakuu, mimi niko Uingereza, boti yangu nailaza mto Hamble karibu na Southampton. Huku magati yanaelea, yanapanda na kushuka na maji, na kila boti ina kidole chake kifupi cha mbao cha kujipachika, majirani kushoto na kulia. Maji ya Southampton yanajaa mara mbili, yanafika juu, yanatulia, yanapanda tena kidogo, ndipo yanapwa kwa haraka. Yakianza kupwa, mkondo unapita katikati ya vidole vile ukikukata ubavuni. Nikiongeza na upepo wa magharibi unaotokea nyuma, kusimama ni mtihani. Ile kamba ya ubavuni nimeanza kuitumia na imenisaidia, ila upepo wa nyuma ndio unaonitoa jasho. Goshini, unasemaje?

#10 Goshini

Ahsante kwa kutuletea ya huko, ndugu. Upepo wa nyuma ndio mgumu kuliko yote kwa sababu unakuongezea mwendo wakati unataka kuupunguza, na ukitia gia ya nyuma tezi inakwenda inakotaka. Propela nyingi zinazunguka kulia zikisukuma mbele. Hizo ukizirudisha nyuma zinavuta tezi kushoto. Yako inavuta wapi? Itie gia ya nyuma ukiwa bado umefungwa gatini, tazama maji yanachemkia upande gani. Yakitokea kulia, tezi itakwenda kushoto. Ukishajua, chagua kidole ambacho mvuto huo unakuleta ndani badala ya kukutoa.

Ila jibu langu la kwanza ni hili: ukiweza kupata kidole ambacho upepo unatokea gatini, ingia kinyumenyume. Geuka mbali, kwenye nafasi, uupe upepo tezi, kisha rudi nyuma kuelekea gatini. Boti inayorudi nyuma dhidi ya upepo inatulia ajabu, kwa sababu omo inataka kwenda demanini na tayari iko demanini. Haina pengine pa kuangukia. Simama mbele ya usukani ukiangalia tezi, mpe mwendo mpaka usukani ushike, halafu punguza. Ushike usukani kwa nguvu, maana maji yakitokea nyuma yanaweza kuunyakua ukazunguka mpaka mwisho wake.

Kamba ya kwanza hapo ni ya tezi, upande wa upepo. Hii ndiyo hali pekee ninayokubali kuiacha ya ubavuni iwe ya pili.

Na mkondo wa kupwa unaokukata: usiwe na aibu ya kusubiri. Maji yakisimama juu kabla ya kupwa, hiyo ndiyo nafasi yako. Huku kwetu vilevile. Kama kuna boya la wageni, jifunge boyani, pika chai, ngoja. Upepo wa mchana hulegea magharibi ikikaribia, na saa mbili za kungoja ni bei ndogo.

#11 Binti Bahari

Nimefurahi kuona uzi huu jamani. Mimi ni mwanamke, mwili wangu mdogo, na kila nikifika gatini wanaume watatu wanakimbilia kunisaidia. Nawashukuru kwa nia yao, lakini wakipokea kamba wanaivuta omo papo hapo na kuharibu kila kitu nilichopanga. Nifanyeje bila kumvunjia mtu heshima? Halafu mmeongea kuingia tu. Kutoka je, upepo ukiwa umenibandika?

#12 Goshini

Dada yangu, swali la kwanza ni zito kuliko linavyoonekana. Msaada wa mtu asiyejua mpango wako ni hatari kuliko kutokuwa na msaada. Usimpe kamba ya omo. Mpe kitanzi cha kamba ya ubavuni, na useme mapema, ungali mbali kidogo, kwa sauti: "Kaka, naomba uvishe kitanzi hiki kwenye chuma kile cha nyuma, kisha uachie. Usivute." Ukitaja chuma gani na ukamaliza kwa "usivute," wengi wanafuata, na hakuna atakayeona umemdharau. Akianza kuvuta hata hivyo, mwambie "achia" bila kuona haya. Nahodha ni wewe.

Na huo mwili mdogo hauna shida yoyote hapa. Njia hii haitumii misuli, inatumia injini.

Kutoka ukiwa umebandikwa: chukua kamba ndefu, ifunge omo, ipeleke nyuma ukaizungushe kwenye chuma cha gati kilicho usawa wa katikati ya boti, irudishe omo. Miisho yote miwili iwe mikononi mwako ndani ya boti, na ule utakaouachia usiwe na fundo wala kitanzi, ili usinase ukiuvuta. Dafrao kubwa kuliko zote iweke omo, pale patakapoegemea gati. Fungua kamba nyingine zote. Gia ya mbele taratibu, usukani geuza kuelekea gatini. Omo itaegemea dafrao, na tezi itaanza kutoka, dhidi ya upepo, ongeza injini kidogo kidogo kama inasita. Subiri mpaka tezi imetoka vya kutosha, kama robo ya duara. Wengi wanaharakisha hapa, wanarudi nyuma tezi ikiwa imetoka kidogo tu na upepo unawabandika tena. Ikishatoka: gia huru, usukani katikati, gia ya nyuma kwa nguvu ya kutosha, achia mwisho mmoja wa kamba na uvute mwingine haraka. Haraka kweli, kwa sababu kamba iliyobaki majini na propela hupendana.

#13 Mwamba Kigamboni

Goshini, nimekusoma mara mbili. Sikubali yote, ila jana nilijaribu ile kamba ya ubavuni pale kwetu upepo ukitoka gatini na boti ilikaa. Nilishuka nikafunga tezi kwa utaratibu kabisa. Tatizo lilikuwa wakati wa kusogea, upepo ulinisukuma nje kabla sijafikia chuma. Mara mbili.

#14 Goshini

Nimefurahi sana ndugu yangu, kwa moyo wote. Ulisogea sambamba na gati, sivyo? Upepo ukitoka gatini usiende sambamba. Njoo kwa pembe, kama unalilenga gati lenyewe, nyuzi 30 hivi, na upepo ukizidi fikisha hata 45. Kwa pembe hiyo omo iko karibu na upepo na haipati nafasi ya kuanguka. Lenga chuma chako, siyo mwisho wa gati. Ukibakiza nusu urefu wa boti, geuza usukani nje kwa mkupuo, tezi iingie, gia ya nyuma kidogo kuua mwendo, na kwa sekunde chache boti itakuwa imelala sambamba imesimama. Hizo sekunde chache ndizo zako za kuvisha kitanzi. Zikipita hujavisha, usigombane. Gia ya mbele, toka, zunguka, anza upya.

Mahali pa kufanyia mazoezi ni kwenye boya lolote lililo peke yake, siku yenye upepo wa wastani. Lifikie boya kama vile ni chuma cha gati, kwa kila upande, mpaka uweze kuisimamisha boti mkono wako ukiligusa. Boya halikwaruzi kitu.

#15 Bamvua wa Tanga

Kapi nimeshaliweka kwenye reli. Urefu wa kamba ndio umenisumbua, kila nikiipima inakuja tofauti.

#16 Goshini

Pima boti ikiwa imefungwa kabisa, siku ya shwari, dafrao zote zikiwa zimebanwa kati yake na gati. Vuta kamba kutoka kwenye kapi mpaka chuma cha gati kilicho usawa wa kiti chako cha usukani, kaza kwa winchi, kisha shona uzi mwekundu kwenye kamba pale inapoingia winchini. Siku ya upepo unakaza mpaka uzi mwekundu ufike winchi kabla hujaingia gatini. Kamba hiyo usiitumie kwa kazi nyingine, na ukinunua mpya irefushe sentimita chache, maana nailoni mpya hujivuta ikiloa na kukauka.

Gati mkihamia jingine, pima tena.